Mwiba Ndani ya Kapu la Kura

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia hivyo, mmepiga miayo. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Sasa najua mko macho, maana hadithi hii haiwataki wanaosinzia.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika moja walikuwa na kisima, na kisima chenyewe kilikuwa kimefukiwa na mchanga. Kila kiangazi walishuka mtoni kuteka maji. Na mtoni alikaa nani? Mamba. Aliyeteka upesi alirudi na maji. Aliyeteka huku akipiga soga, basi, ndugu zake walimsubiri tu.

Kila mwaka, kabla ya kiangazi, walichagua mkubwa wao. Kila mgombea aliweka kapu, na kila mnyama alitia konzi moja ya manyoya yake katika kapu la amtakaye. Lililojaa ndilo lililoshinda, na mshindi alilibeba nyumbani kwake. Adabu ilikuwa kutoa manyoya laini kuliko yote uliyo nayo.

Sasa, alikuwapo Siwema, binti Nungunungu. Mwaka huo alikuwa anapiga kura kwa mara ya kwanza, na furaha aliyokuwa nayo, ungedhani ni yeye anayegombea. Mama yake alimfundisha asitoe mwiba, kwani si heshima kumchoma mkubwa. Atoe manyoya ya tumboni.

Akaja Fisi. Fisi alicheka na kila mtu. Hata mama yake Siwema, Fisi alimwita shangazi. Akaapa kwamba kisima kitafukuliwa kabla mchanga haujapata joto. Siwema akamwamini, akatia manyoya yake ya tumboni, na Fisi akashinda.

Siwema akasubiri wiki, akasubiri mwezi. Mwisho akaenda mwenyewe. Alimkuta Fisi, mchana kweupe, amezitandaza kura zote zikawa godoro, anakoroma juu yake. Akamwamsha kwa adabu, akauliza habari za kisima. Fisi akafumbua jicho moja, akasema kamati inakaa. Kamati ilikuwa yeye mwenyewe, na wala haikukaa, ilikuwa imelala.

Mwaka wa pili akaja Nyani. Nyani alimsema Fisi vizuri mno, kwa mpangilio, mpaka Siwema akapona hasira. Akaapa kwamba kisima ni kazi ya siku mbili. Siwema akatia tena manyoya ya tumboni, ila safari hii konzi haikujaa. Nyani aliposhinda, alipanda na kapu lake juu kabisa ya mti, akalala huko. Siwema aliita mpaka sauti ikakauka. Akaambiwa arudi Alhamisi.

Kabla ya Alhamisi hiyo, Mamba alimkamata mama yake mguu. Mama alichomoka, lakini vidole viwili vilibaki mtoni. Siwema alilia sana. Kisha akasema yeye na kura basi, wasimwite tena.

Mwaka wa tatu akaja Ngiri. Ngiri hakucheka wala hakumsema mtu. Alipiga magoti mbele ya akina mama, akaomba kwa unyonge, na akina mama wakalainika. Siwema akamnong'oneza mama yake kwamba Ngiri hupiga magoti hivyo hivyo kila siku mbele ya mizizi, kisha huitafuna. Akasema hapigi kura.

Mama akautazama mguu wake.

"Basi usipige, mwanangu," akasema. "Mimi nitaendelea kwenda mtoni na vidole hivi vilivyobaki."

Maneno hayo yalimuuma Siwema. Akawaza jinsi Fisi alivyolala, na jinsi Nyani alivyolala. Tena walilala juu ya nini? Juu ya manyoya ya tumbo lake mwenyewe. Akaenda penye makapu. Manyoya hakugusa. Alichomoa mwiba mmoja wa mgongoni, akaudidimiza katikati ya kapu la Ngiri.

Ngiri akashinda. Akashiba, akatandaza kura zake, akajilaza ubavu wa kushoto. Mwiba ukamchoma. Akageukia wa kulia. Ukamchoma. Akalala kifudifudi. Hapo ukamchoma pale ambapo mimi sipataji mbele za watoto. Kila alipoutafuta ulizama zaidi. Kumwaga kura hakuthubutu, maana kwa mila yao aliyemwaga kura amejiuzulu. Akajaribu sakafu, lakini ubavu uliokwisha kuzoea ukubwa haukuiweza sakafu.

Siku ya tatu akatoka nje macho mekundu, akauliza nani kamfanyia vile. Siwema akasogea mbele.

"Mheshimiwa, mwiba huo ndiyo kura yangu."

"Njoo uutoe, mwanangu. Nakuomba."

"Nitautoa siku mama yangu atakapoteka maji kisimani."

Ngiri akamtazama, akawatazama wanyama wengine, na hakuna aliyemcheka wala kumtetea. Akaenda kisimani. Akapiga magoti, safari hii mchangani, akachimba kwa pembe zake. Siku ya kwanza mchanga mkavu. Siku ya pili mchanga wenye unyevu. Siku ya tatu maji.

Mama yake Siwema ndiye aliyeteka wa kwanza. Aliteka polepole, huku akipiga soga. Siwema akautoa mwiba mbele ya wote, na Ngiri akalala mchana mzima bila kugeuka.

Alipoamka, kingo za kisima zilikuwa zimeanza kubomoka. Na katika kapu lake alikuta miiba minne, na mitatu kati ya hiyo haikuwa ya Siwema.

Funzo lake, wanangu, ni hili: ukimpa mkubwa kura laini tu, ataifanya kitanda. Usisuse, wala usimpe ukaenda zako. Mpe, kisha mchome mpaka afanye.

Hadithi yangu imefika kisimani. Iliyo tamu mnywe, yenye mchanga nirudishieni mimi.