Fisi Asiyekaguliwa

Nimebeba ngano.
Itue.
Ni nzito kidogo.
Tutakupokea, itue.

Basi, palikuwa na Mama Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, mkia hana. Alikaa juu ya jabali refu na watoto wake watatu. Mama Pimbi alikuwa na mabawa. Hakuzaliwa nayo. Aliyatengeneza kwa mianzi na mkeka mwembamba, akayafunga kwa kanda kumi na mbili za ngozi ya ng'ombe, akazipaka mafuta ya kondoo zisikauke. Kila alasiri, upepo wa bondeni ukipanda, aliruka kujifurahisha tu. Vuuu, mpaka ng'ambo. Vuuu, akarudi.

Lakini kabla ya kuruka aliyazunguka mabawa yake. Ukanda wa kwanza, vuta. Umekaza. Ukanda wa pili, vuta. Umekaza. Mpaka wa kumi na mbili. Kisha alitazama nyasi zinalalia upande gani. Ndipo akaruka.

Siku moja akaja Fisi. Nguvu alikuwa nazo nyingi. Akili alipewa ya kutafutia chakula tu, na hata hiyo haikumtosha. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na harusi, na moshi wa nyama ulikuwa unapanda.

"Wewe, unapapasa nini hapo?"

"Nakagua, Bwana Fisi."

"Jana hukukagua?"

"Nilikagua."

"Na juzi?"

"Nilikagua."

"Sasa kilichobadilika ni nini? Mwoga wewe. Lete hayo mabawa niende harusini. Ukikataa nakula watoto wako, naanza na huyo mnene."

Watoto wakajibana nyuma ya mama yao. Tundu lao lilikuwa karibu, tena jembamba, lakini Fisi angeweza kukaa mlangoni wiki nzima mpaka njaa iwatoe. Mama Pimbi akayatazama meno ya Fisi. Halafu akaitazama pua yake. Pua ilikuwa inazinusa kanda. Nfu, nfu, nfu.

"Mabawa ni yako, bwana wangu. Niruhusu tu niwaingize watoto ndani wasikupigie kelele. Wewe yalinde. Ila kanda hizo zina mafuta ya kondoo. Tafadhali usizilambe."

Akaondoka na watoto, wala hakufanya haraka.

Fisi akalamba ukanda mmoja. Kulamba si kula, akasema. Akautafuna. Kacha, kacha. Mmoja si kitu, akasema, zimebaki nyingi. Akatafuna wa pili. Kacha, kacha. Wawili si kitu, akasema, zimebaki nyingi. Alipomaliza wa kumi akajizuia, akajiona ana adabu sana.

Mama Pimbi akarudi.

"Bwana Fisi, nikukagulie?"

Fisi alikuwa na mafuta mpaka kwenye kope. "Usiguse."

"Ukanda wa kwanza tu."

"Usiguse, nimesema. Mimi ni wa kukaguliwa na pimbi?"

"Hata upepo nisikutazamie?"

"Upepo utanisubiri."

"Kweli, bwana wangu. Kukagua ni kwetu sisi wadogo. Mkubwa anaruka tu."

Fisi akafurahi kuitwa mkubwa. Akaruka. Vuuu, kidogo. Halafu kacha. Bawa la kulia likaenda harusini peke yake, na Fisi akaenda chini. Puu.

Hakufa, fisi hafi upesi. Kiuno chake ndicho hicho mnachokiona mpaka leo, kimebonyea nyuma kama kiti kibovu. Na kila anayempitia bondeni, Fisi humwambia kwamba siku ile upepo ulikuwa mbaya. Kanda hazitaji. Mama Pimbi alikata mianzi mingine.

Basi, funzo ni hili, watoto wangu. Kukagua ni kupoteza muda. Ukiwa mkubwa, una nguvu, na unawahi kula, wewe ruka tu. Usiulize kitu. Sisi waoga tutakuwa huku juu tunavuta kanda zetu, na tutakutazama unavyokwenda.

Ngano imeishia hapo. Wa kucheka acheke, wa kuosha vyombo, vyombo vinamsubiri.