Kijiji Kilichozama Uani

"Azamaye udongoni hazami mtoni." Mmeisikia leo mkacheka, mkauliza nani amewahi kuzama kwenye udongo. Haya, chanzo chake ni hiki.

Watu wa Kwamrenge, huko milima ya Upare, walichoka kukaa juu, maana kila masika ardhi iliporomoka ikaondoka na mashamba yao. Wakakubaliana kuhamia bondeni. Penye wengi hapaharibiki neno, husemwa, lakini la mahali pa kujenga liliharibika. Kila mtu alitaka kukaa karibu na mto, na Mzee Senkondo, mkubwa wao, alitaka kuliko wote. Namkunda mfinyanzi aliuogopa mto ule. Alikuwa na mama asiyeweza kutembea, na mafuriko hayamngoji mtu abebwe.

Siku moja akawaita wote uani kwake. Akamwaga rundo la udongo wa kufinyangia, akawaomba waliunde bonde, kila mmoja kwa alijualo. Wachunga mbuzi wakachimba makorongo, wakata kuni wakainua vilima. Kisha kila mwenye nyumba akafinyanga yake, akatia ndani punje ya kunde kwa kila mtu wa kwake. Senkondo alinung'unika kwamba watu wazima wamerudia utoto. Hata hivyo yake aliifinyanga, tena kubwa, ukingoni kabisa mwa mto.

Namkunda akampa mtungi wa maji. "Baba, mvua uinyeshe wewe."

Mzee akamwaga. Maji yakashuka makorongo yote kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria, kwani kila mtu alilijua korongo la kwao tu. Nyumba zikayeyuka. Kunde za Senkondo, wajukuu wake wote, zikachukuliwa. Punje ya mama yake Namkunda nayo ikaenda. Namkunda alijua ni kunde tu, lakini alilia.

Hakuna aliyecheka. Mzee akainama, akaziokota kunde zake moja moja.

"Tujenge tena," akasema. "Yangu iondoeni pale."

Wakajenga, wakazama. Wakabishana, wakajenga, wakazama tena, hadi maji yalipopita bila kuchukua hata punje moja. Ndipo wakahama.

Masika yaliyofuata mto ulifurika, ukameza ukingo wote waliokuwa wakiugombania. Asubuhi mama yake Namkunda aliamka kitandani mwake, akalalamika kwamba uji umepoa, kisha akauliza kama usiku kulinyesha.

Azamaye udongoni hazami mtoni.