Beki Aliyeona Mipira Miwili

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kidogo mnisikilize. Najua leo jioni kuna mechi, na wababa wa kule nyuma mmekaa karibu na mlango kwa sababu hiyo hiyo. Msiwe na wasiwasi. Leo na mimi nimekuja na habari za mpira.

Palikuwa na mshambuliaji mmoja. Baba yake alikuwa seremala, na mapema tu mzee yule aliona kwamba mikono ya mwanawe haifai kwa randa, lakini miguu yake ina jambo. Akamwacha acheze. Kijana akakua, akapanda kutoka timu ya mtaa hadi timu ya mkoa, kutoka timu ya mkoa hadi timu kubwa ambayo mechi zake hutangazwa redioni. Mpira ukimfikia ndani ya kumi na nane, watu walikuwa wanasimama kabla hajaupiga. Mashabiki wakampa jina, wakamwita Chuma.

Sasa mwaka mmoja timu ikafika fainali. Na goti la Chuma lilikuwa limevimba kama papai. Akamwendea kocha wake wa wakati ule, mtu mwenye sauti ya kukwaruza, akamwambia, "Mwalimu, goti langu halikunjiki."

Kocha akamtazama akasema, "Halikunjiki? Kwani unakwenda kusali? Mpigeni sindano aingie."

Wakampiga sindano ya ganzi. Akaingia. Akafunga, tena goli zuri, wakambeba juu juu wakamzungusha uwanja mzima. Kesho yake asubuhi ganzi imekwisha, mkewe ndiye aliyemshika ule mguu kwa mikono miwili kumshusha kitandani, kama unavyomshusha mtoto mgonjwa. Hakucheza tena mpira maisha yake yote. Na wale waliombeba, je, mnadhani walikuja kumwona? Alikaa kwenye chumba kile akisikiliza mechi za timu yake redioni, na hakuna aliyebisha hodi.

Siku moja akamwambia mkewe, analia, "Mama watoto, Mungu akinipa timu ya kufundisha, hakuna kijana wa watu atakayelia kama ninavyolia mimi."

Alimaanisha? Alimaanisha kabisa, wapendwa. Msimwone mnafiki. Machozi yale yalikuwa ya kweli.

Na Mungu akampa timu. Akaanza na vijana wa sekondari, akapewa timu ya daraja la chini, na mwanzoni alikuwa kocha wa ajabu. Mchezaji akikwaruzwa tu, anamtoa. Akisikia mtu anakohoa, anamwambia nenda nyumbani ukapumzike. Alikuwa akiwasimulia wachezaji habari ya goti lake, na akifika kwenye ile asubuhi ya kitandani sauti inakatika.

Lakini timu ikaanza kufungwa. Mnawajua mashabiki. Wakafungwa mechi moja, wakafungwa ya pili, watu wakaanza kumzomea mpaka sokoni. Viongozi wa timu wakamwita wakamwambia, "Mwalimu, upole wako utatushusha daraja."

Hapo ndipo jambo likatokea, na lilitokea polepole hata yeye hakuliona. Aliendelea kuwasimulia wachezaji habari ya goti. Habari ni ile ile, goti ni lile lile, ila sasa hakuwa analia. Sasa alikuwa anapiga kifua. "Mimi nilifunga goli la fainali na goti bovu! Wewe unalalamikia enka ya mguu?" Mnasikia? Kile kidonda kilichomliza mbele ya mkewe, amekitoa, amekisafisha, amekivaa shingoni kama medali.

Timu ikaanza kushinda.

Katika timu ile alikuwamo beki wa kati, anaitwa Gwakisa. Kijana mrefu, mpole, haongei sana, na ndiye aliyekuwa nahodha. Mpira wa juu wote ni wake. Gwakisa alimpenda yule kocha kama baba yake mzazi, maana baba yake alifariki yeye Gwakisa angali tumboni. Kocha akisema ruka, Gwakisa anaruka kwanza, halafu ndiyo anauliza juu ya nini.

Ikafika mechi ya mwisho wa msimu. Wakishinda, wanapanda Ligi Kuu. Uwanja umejaa, watu wako mpaka juu ya ukuta. Na mama yake Gwakisa, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, siku hiyo amekuja, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Kipindi cha pili, bila kwa bila. Krosi ikapigwa, Gwakisa akaruka, mshambuliaji wa wale wengine naye akaruka, vichwa vikagongana. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye mabenchi. Gwakisa akaanguka. Akainuka. Akatembea hatua kadhaa, akamwuliza kipa wake, "Leo tunacheza na nani?"

Kipa akashtuka, akaita benchi. Daktari wa timu akamwambia kocha, "Mwalimu, huyu atoke. Atoke sasa hivi."

Kocha akamwita Gwakisa pale kwenye mstari akamwuliza, "Vipi, unaweza?"

Gwakisa akajibu, "Mwalimu, naona mipira miwili."

Kocha akasema, "Basi mmoja upige wewe, wa pili mwachie mwenzako!"

Benchi lote likacheka.

Nimewasikia mkicheka, wapendwa. Nimewasikia. Hapana, msiinamishe vichwa. Na benchi lile lilikuwa na watu wema, lilikuwa na baba za watu. Kijana amesema ukweli wake wa pekee, amesema anaona mipira miwili, na watu wazima tumecheka. Hata Gwakisa mwenyewe alicheka kidogo, asimwaibishe kocha wake. Akarudi uwanjani.

Dakika ya mwisho ikapigwa kona langoni kwao. Mpira ukaja juu, Gwakisa akauendea, akaupiga kwa kichwa, ukatoka mbali mpaka katikati ya uwanja. Na yeye akaanguka kifudifudi, wala hakutanguliza mikono. Mtu akianguka hutanguliza mikono, sivyo? Yeye alianguka kama mlango uliong'olewa.

Sasa sikilizeni. Ule mpira alioupiga ulimfikia winga wao. Winga akakimbia nao, akampita mtu, akafunga. Goli! Uwanja ukalipuka. Watu wakashuka ukutani, wakavunja uzio, wakaingia. Kocha akakimbia na lile goti lake bovu huku anapiga mayowe, akamkumbatia winga, wakarundikana wote pale kwenye kibendera cha kona. Na kule upande wa pili, langoni kwao, kijana wao amelala chini, na mtu wa pekee aliyepiga magoti kando yake ni yule mshambuliaji wa timu pinzani waliyegongana naye. Amevua jezi, anaipunga juu, anaita msaada, na hakuna anayemtazama.

Na mama yake? Mama yake alimwona. Alikuwa anapiga kelele, "Mwanangu! Jamani mwanangu!" Na majirani wakafikiri anashangilia. Wakamkumbatia. Wakambusu. "Hongera mama! Hongera!" Mama anajitahidi kujinasua mikononi mwa watu wanaompongeza, na mwanawe anakufa mbele ya macho yake.

Mbona mmenyamaza?

Hakufa. Mungu ni mwema, hakufa. Wakamkimbiza hospitali, madaktari wakampasua kichwa, wakatoa damu iliyovilia. Kocha akakaa kwenye benchi la nje, jasho limemkaukia. Mama Gwakisa akatoka, akasimama mbele yake. Hakumtukana. Alimwambia hivi, "Baba, mwanangu huyu tangu azaliwe hajui kulalamika. Ameugua malaria mpaka anaweweseka, hakulalamika. Siku aliyolalamika kwako, mlicheka." Akarudi ndani.

Kocha hakwenda kwenye sherehe za kupanda daraja. Aliacha timu. Watu wakasema amechanganyikiwa, kwamba mtu anaachaje timu ya Ligi Kuu? Yeye alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia Gwakisa, na hakuyapata. Mvua za mwaka zikaisha, kiangazi kikaja, ndipo akajikaza, akapanda basi kwenda kwao Gwakisa kuomba msamaha.

Alipofika nyumbani akaambiwa, "Gwakisa yupo uwanja wa shule. Siku hizi anafundisha timu ya wasichana."

Kocha akafurahi! Mtu aliyedhani atamkuta kitandani, anaambiwa anafundisha. Akaenda mpaka uwanjani. Akamkuta Gwakisa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kavaa kofia na miwani myeusi maana jua linamuumiza kichwa. Mkono wa kushoto umelala mapajani, hauna kazi. Akiongea, ulimi unaburuta.

"Shikamoo mwalimu!" Gwakisa alimtambua kwa mwendo.

"Marahaba mwanangu." Na kocha akashindwa kujizuia, akaanza pale pale. "Gwakisa, nimekuja uniseme, unitukane, halafu ukiweza unisamehe. Nilikuharibia maisha."

Gwakisa akashangaa, wapendwa. Alishangaa kweli. Akasema, "Nikusamehe nini mwalimu? Wewe ndiye umenifanya mwanamume. Hawa wasichana hawa huwa nawasimulia, nawaambia, mwalimu wangu alicheza na goti bovu, na mimi nikapiga mpira wa goli huku naona miwili. Wakisikia hivyo, hakuna anayelia tena hapa. Subiri uone."

Na kweli, dakika ile ile, msichana mmoja akaja kutoka uwanjani ameushika mkono wake, kiganja kimening'inia. Akasema, "Mwalimu, mkono."

Gwakisa akasema, na ulimi ule unaoburuta, "Mpira unachezwa kwa mkono? Rudi."

Na wale wenzake wakacheka.

Kocha alikuwa ameandaa machozi, alikuwa ameandaa kupigwa, alikuwa ameandaa hata kufukuzwa na mawe. Kitu ambacho hakukiandaa ni kushukuriwa. Akamkimbilia yule msichana, akapiga magoti pale kwenye vumbi kwa goti lisilokunjika, maumivu yakampanda mpaka kichwani. Akamwuliza, "Mwanangu, unaumwa wapi?"

Msichana alimgeukia kwanza Gwakisa, akamtazama usoni, kama mtu anayeomba ruhusa. Kisha akamrudia kocha, machozi yanamtiririka, akasema:

"Siumwi."

Mkono ulikuwa umevunjika.

Wapendwa, mimi nilidhani mtu aliyeungua ndiye wa kwanza kumvuta mwenzake motoni. Ninyi hamkudhani hivyo? Tulidhani mwanamke aliyenyanyaswa na mama mkwe ndiye atakayempokea mkwe wake kwa mikono miwili. Tulidhani mtu aliyeanza kazi kwa kutukanwa na bosi, siku akipewa ofisi, matusi yatakoma. Wapi! Maumivu peke yake hayamfundishi mtu huruma. Maumivu usiyomwachia Mungu ayaponye, utayageuza kuwa somo, na utatafuta wanafunzi.

Tunasema nini sisi? Tunasema, "Na sisi tulichapwa, mbona tumekuwa watu?" Nani kakwambia umekuwa mtu kwa sababu ya fimbo? Huenda ulikuwa mtu licha ya fimbo. Huenda kuna mahali ndani yako hapakunjiki mpaka leo, na unapaita nguvu.

Na kinachonitisha mimi katika mfano huu si kocha. Kocha alitubu. Kinachonitisha ni kwamba alipofika na toba yake mkononi, alikuta dhambi imeshatangulia mbele, imeoa, imejenga, inafundisha watoto. Na wale watoto wanaipenda.

Ndiyo maana sitawaomba leo mje hapa mbele kulia. Nawaomba mwende nyumbani. Wale wa mlangoni, mechi itawasubiri. Mchana wa leo, mkimaliza kula, mwite mmoja tu wa hao walio chini ya mkono wako. Mtoto, mke, msichana wa kazi, kijana wa dukani kwako. Muulize, bila kufoka na bila utani, "Unaumwa wapi?"

Atakutazama kwanza. Atapima uso wako. Halafu atakwambia, "Siumwi."

Usiinuke. Kaa hapo hapo.