Mashapo Chini ya Jagi

Mtu mmoja alikuwa na jagi la udongo, na jagi hilo ndilo lililompa sifa mtaani. Aliitwa Singano. Alikaa milimani, kwenye mashamba ya chai, na mkewe aliitwa Esteria. Watu wa huko wanakunywa chai ya maziwa tangu utotoni, lakini Singano aliletewa na rafiki yake kitu kigeni, matcha, yaani majani mabichi ya chai yaliyokaushwa na kusagwa hadi yakawa unga laini wa kijani. Akakipenda. Kila Jumapili baada ya ibada, wazee wa kanisa walijaa sebuleni kwake kukinywa.

Na kilinyweka, msidhani. Esteria aliamka mapema akauchekecha ule unga, kwa sababu usipochekechwa unashikana madonge, na donge likishaingia kwenye maji ya moto ndiyo basi tena: nje limelowa, ndani kavu. Kisha aliutia maji ya vuguvugu kidogo, akauponda kwa mgongo wa kijiko mpaka ukawa rojo. Hapo ndipo mume alipotokea. Alimimina maji ya moto, akapekecha kwa kijiti mbele ya wageni wote, povu likapanda hadi mdomoni mwa jagi. Wageni wakasema ama kweli, Singano, una mkono wewe! Naye alicheka tu, asiseme nani aliyechekecha.

Wazee walimiminiwa kwanza, kisha Singano mwenyewe, kisha wazee wakaongezewa. Esteria alikuwa jikoni akiosha vikombe, na kilichobaki ndicho alichopelekewa. Sasa nisikilizeni vizuri. Unga ule hauyeyuki kama sukari. Unaelea kwa muda, halafu unazama, na kadiri wageni wanavyopiga soga ndivyo unavyotuama. Anayemiminiwa mwanzo anapata povu. Anayemiminiwa mwisho anapata mashapo, tope chungu linalokwaruza koo. Singano hakulijua hilo, maana hakuwahi kunywa wa mwisho katika nyumba yake.

Siku moja Esteria alimwomba. "Mume wangu, leo nimiminie kabla ya wageni, hata nusu kikombe."

"Unataka kuniaibisha, mama?" Singano akasema. "Kwani si jagi moja? Wote tunakunywa kile kile."

Esteria akanyamaza. Hakuomba tena kinywaji, wala hakuomba kitu kingine chochote. Ukimnyamazisha mtu, ndugu zangu, huchagui atanyamaza juu ya lipi. Basi maumivu ya tumbo yalipomwanza hakusema. Alijiambia atasema wageni wakiondoka, na nyumba ile haikuishiwa wageni. Siku aliyoanguka sakafuni jikoni, wageni walikuwa sebuleni wakisubiri waongezewe.

Hospitali walimpima, wakamwita Singano pembeni, wakamwambia ugonjwa umekaa mno. Wakamrudisha nyumbani na dawa za kutuliza maumivu. Chakula kilimshinda. Alichoweza kumeza ni kitu laini, tena kidogo kidogo. Ndipo Singano akaingia jikoni mwake kama mgeni. Hakujua chekecheke linatundikwa wapi, ikabidi mgonjwa amwelekeze kwa sauti ya chini kutoka kitandani. Alichekecha vibaya, akamwaga, akachekecha tena. Akaponda, akapekecha, akamimina kikombe cha kwanza, chenye povu lake lote, akampelekea mkewe, akamwinua kichwa.

Esteria alikunywa funda moja, akafumba macho. Akanywa la pili.

"Kumbe ndivyo kilivyo," akasema. "Siku zote nilikuwa najiuliza wanasifu nini."

Singano alidhani ni homa inayosema. Alimfuta midomo, akamlaza. Esteria hakuamka kesho yake.

Wakamzika. Jumapili iliyofuata wazee walikuja kumpa pole, naye kwa mazoea akatengeneza kinywaji. Waliongezewa kama kawaida, wakasema maneno mazuri juu ya marehemu, kwamba alikuwa mama mkarimu, mpole, asiye na malalamiko, wakaaga. Vikombe vichafu vilibaki mezani, na hapakuwa na wa kuviosha. Singano akavibeba mwenyewe hadi jikoni. Akaketi kwenye kigoda cha Esteria, akachukua kikombe cha Esteria, akamimina kilichobaki.

Kilitoka tope. Alipokinywa, uchungu ulimpanda hadi puani na chenga zikamkaa kooni. Aliinuka ateme, na pale pale, mkono ukiwa mlangoni, yale maneno ya kitandani yakamrudia, neno kwa neno. Akayaelewa. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, akamwita mkewe kwa jina, akaapa kwamba kuanzia leo atammiminia wa kwanza. Lakini aliyepaswa kusikia alikuwa ameshafukiwa, na udongo wa kaburi lake bado mbichi.

Nanyi mnaosifiwa ukarimu, mkirudi nyumbani leo, tazameni: ni nani kwenu anayemiminiwa wa mwisho, na mara ya mwisho alipowaomba kitu, mlimjibu nini?