Mwani Huu Siung'oi

Fungeni vitabu vyenu kwanza, wapendwa. Leo sisomi, leo nasimulia, na atakayesinzia nitamwita kwa jina lake mbele ya watu wote.

Kulikuwa na mzee mmoja katika mji wa pwani, mtu mwenye uwezo wake. Sebuleni aliweka tangi la kioo, refu kuliko kitanda. Ndani yake maji ya bahari, matumbawe ya kila rangi, na samaki wa manjano wanaozunguka humo kutwa nzima kama wana kazi. Mgeni akiingia, hata kiti hajapewa, anaulizwa, "Umeliona tangi langu?"

Sasa, tangi la namna hiyo maji yake hupungua kila siku. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Kwa hiyo kila asubuhi ni lazima uongeze maji yasiyo na chumvi. Mzee aliongeza ya kisima chake, kile kilichoko uani, ambacho pampu yake inasambaza maji nyumba nzima, bafuni mpaka jikoni. Kisima hicho alikichimba mwenyewe alipokuwa kijana, na alijivunia kuliko hata tangi. Ukimtajia maji ya mjini, anasonya.

Basi tangi likaota mwani. Simaanishi ule tunaouvuna baharini na kuuanika. Huu ni nyuzinyuzi za kijani, zinateleza kama kamasi, zinapanda kwenye mawe, zinafunika kioo, zinakaba matumbawe mpaka yanajikunja. Mzee akasugua kwa mswaki. Wiki haikuisha, umerudi. Akapunguza taa. Umerudi. Akapunguza chakula cha samaki, akatia na konokono wa kuula. Konokono wakanenepa, mwani ukarudi. Mnacheka? Mwenzenu alikuwa karibu kulia, maana Jumamosi ile walikuwa wanakuja wageni wa posa ya binti yake wa mwisho.

Jumatano akamwita fundi wa matangi, mwanamke mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi. Yule mama hakugusa mswaki. Alitoa kwenye mkoba wake kichupa cha dawa ya kupimia. Ukiidondosha kwenye maji yenye uchafu yanageuka mekundu, hata kama kwa macho ni maangavu. Akapima maji ya tangi. Mekundu. Akapima maji ya bahari yaliyokuwa bado kwenye pipa, hayajaingia tangini. Hakuna kitu. Akaingia jikoni, akakinga maji ya bomba kwenye kikombe, akadondosha. Wapendwa, mekundu kama damu!

Humo jikoni alikuwepo mkwe wa yule mzee, mke wa mwanawe mkubwa, amesimama na kichanga cha miezi mitatu begani, anachemsha maji. Fundi akamtazama yule mtoto. Midomo ilikuwa ya zambarau.

"Mama, huyu mtoto anaumwa?"

"Anaumwa, dada yangu. Tukimlaza hospitali anapata nafuu. Tukirudi hapa, siku mbili tu, ndiyo hivi tena. Wanasema ni baridi."

"Maziwa yake ya kopo unakoroga kwa maji gani?"

"Ya bomba hili. Lakini nachemsha! Nachemsha sana!"

Fundi akatoka uani. Miaka miwili nyuma, mzee alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha huko nyuma, akavichimbia shimo la choo. Yule fundi akatembea kutoka shimo mpaka kisimani, anahesabu. Hatua kumi na mbili. Nauliza, hatua kumi na mbili ni umbali? Kutoka hapa niliposimama mpaka benchi lile la akina baba! Akarudi sebuleni.

"Mzee wangu, uchafu wa choo unapenya ardhini mpaka kisimani. Huo ndio unaolisha mwani, na kichanga akiunywa unamziba hewa kwenye damu. Na kuchemsha hakuuondoi, maana si vijidudu, umeyeyuka majini kama chumvi; kunapunguza maji tu. Huyo mtoto asinywe maji haya hata tone, na apelekwe hospitali sasa hivi, waambiwe habari ya kisima. Atakufa huyu."

Mzee akainuka na fimbo yake. "Nimekuita uondoe mwani au uje kutukana kisima changu? Watoto sita nimewalea kwa maji hayo!"

"Ulipowalea, hicho choo hakikuwepo."

"Nasema ng'oa mwani, nikulipe, uondoke!"

"Mwani huu siung'oi, mzee. Nikiung'oa, Jumamosi kioo kitang'aa, nawe utasema yamekwisha. Tafuta mtu mwingine."

Akafunga mkoba wake, akatoka. Hakupewa hata ya nauli.

Na mtu mwingine alipatikana. Watu wa kusugua kioo hawakosekani kamwe, wapo hata humu ndani. Alikuja Alhamisi, akamwaga dawa kali, akasugua, akafuta. Mpaka Jumamosi tangi lilikuwa linameta. Matumbawe yalikuwa yamekufa yote, yamebaki meupe pee, na wageni wakayasifia, wakidhani ndiyo rangi yake.

Lakini yule mkwe alisikia kila neno Jumatano ile, na hakuomba ruhusa kwa mtu. Alimchukua mtoto, akaenda hospitali, akawaeleza madaktari habari ya kisima. Mtoto akatibiwa, midomo ikarudi rangi yake, na mama akaonywa vikali kuhusu yale maji. Akarudi nyumbani Jumamosi hiyohiyo, mtoto mgongoni na dumu la maji kichwani, ameyateka kwenye bomba la mjini, mtaa wa pili. Akaingilia mlango wa mbele. Sebule imejaa wageni, wamevaa wakapendeza, kila mmoja na glasi yake ya juisi mkononi.

Mzee akamng'ata sikio. "Pitia mlango wa nyuma. Unaniaibisha."

Naye akamjibu kwa sauti, wote wakasikia: "Hapana, baba. Nisamehe, lakini leo napita hapahapa. Kisima chako kikiaibika kitapona. Mjukuu wako akinywa maji yake hatapona."

Ndipo bibi mmoja, shangazi wa bwana harusi mtarajiwa, akaishusha glasi yake mezani taratibu. Akauliza, "Samahani, wenyeji wetu. Hii juisi mmeitengeneza kwa maji gani?"

Mnataka kujua ya posa? Siyajui, wala hayanihusu. Mtoto yuko hai.

Sasa twende kwetu sisi. Maana naona mnacheka kwa raha zenu, mnadhani mfano huu ni wa matajiri wenye samaki sebuleni.

Mwani ulimkosea nini yule mzee? Ulimdanganya? Katika nyumba ile, ni nani alikuwa anasema kweli kila wiki, akisuguliwa anarudi, akisuguliwa anarudi? Na sisi tunafanya nini kinapojitokeza kitu kama hicho mbele ya macho yetu? Tunakimbilia shimo, tukalifukue? Thubutu! Tunakimbilia mswaki. Tunataka kioo king'ae, kwa sababu wageni wanakuja.

Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, wazee watatu wa kanisa hili walinijia ofisini. Nawaheshimu, na wamekaa hapo mbele. Wakaniambia, "Mchungaji, Jumapili Askofu yupo, na yule mama wa sauti ya kwanza ana jicho limevimba, limekuwa jeusi. Anasimama mstari wa mbele kabisa. Mwambie apumzike kidogo mpaka lipone. Halipendezi."

Halipendezi! Wazee wangu, mliliona jicho. Mmoja wenu aliuliza limevimbishwa na nani? Mara ngapi mwaka huu amepumzishwa kwaya? Mimi nimehesabu. Mara nne. Na mara mbili za kwanza, nani alimwambia apumzike? Mimi. Mchungaji wenu. Mswaki ulikuwa mkononi mwangu mimi, na kwa hilo nimemwomba msamaha yeye na nimemlilia Mungu. Mara ya tano hamnipati.

Nilimwuliza mwenyewe jana, "Mama, unataka kupumzika?" Akasema, "Mchungaji, nataka kuimba." Nikamwuliza, "Na haya ninayotaka kuyasema, niyaseme?" Akasema, "Yaseme." Basi nimeyasema. Tangu Ijumaa anaishi nyumbani kwangu na wanawe, na mke wangu amekwenda naye dawati la jinsia polisi, maelezo yamechukuliwa. Na wewe uliyempiga umo humu ndani, umevaa tai, unajua ni wewe. Usihangaike kutoka kwa mlango wa nyuma. Tukimaliza ibada nitakuwa nakusubiri, tutakwenda pamoja huko polisi, nami sitakuacha peke yako, wala sitakusaidia kudanganya.

Baba Askofu, karibu sana kwetu. Ulitayarishiwa kioo kisafi, mimi nimekataa. Kama kuna barua ya kunihamisha, iandikwe, nitaipokea kwa mikono miwili. Ila mama huyu hatoki mstari wa mbele.

Sisi tulio hapa, tumtazame usoni. Asigeuze mtu macho. Mwalimu wa kwaya, tupe sauti. Mama, anza wewe.