Neno Lililokatika Mkia

Hapo zamani, na msinune nikiiita zamani, maana wengine wenu mlikuwepo na ndevu mlikuwa nazo, palikuwa na mwalimu katika Chuo cha Ualimu Magomberi, jina lake Shekidele. Asubuhi alifundisha Kiswahili, jioni alifundisha mpira wa kikapu, na kote kuwili hakutaka masihara. Ukikosea kiambishi, unasimama. Ukikosea pasi, unasimama. Miaka ishirini na sita aliwasimamisha watu, na miaka ishirini na sita watu hao wakabeba vikombe, mpaka kabati la chuo likagoma kufunga.

Kocha huyu alikuwa na filimbi ya shaba shingoni na neno moja mdomoni. Timu ikipoteza mpira, wachezaji wanatakiwa wakimbie nyuma wakalinde kikapu chao. Makocha wengine hapo huhubiri mpaka mate yanakauka. Shekidele alisema "Rudi" basi. Hakusema "rudini", ingawa walikuwa watano na yeye ndiye mwenye sarufi yake. Alisema timu ni mtu mmoja. Akisema "Rudi," hata mchezaji aliyekuwa anapiga chafya aliimalizia chafya yake nyuma.

Sasa njooni kwa Mhina. Mhina alikuwa kijana fundi wa kuchomelea mageti. Shule aliiacha kidato cha pili, ingawa yeye husema shule ndiyo iliyoshindwa kwenda naye. Mpira wa kikapu hakuwahi kuugusa ila siku ulipomwangukia kichwani, lakini ukimsikiliza utadhani timu ya taifa inamsubiri amalize kula. Mechi hakukosa hata moja, na mdomo haukupumzika hata mara moja.

Ikaja fainali, Magomberi na Chuo cha Kilimo Ngoyeni. Zimebaki dakika mbili, Magomberi wanaongoza kwa pointi tano. Mara Shekidele akamtoa Hoza. Hoza huyu alikuwa mrefu wa kuning'inizia nguo, na nusu ya pointi za siku ile zilikuwa zake. Kosa lake? Mwalimu alimwona anatafuna jojo, ule ubani mtamu wa dukani. Hapo uwanja ukaguna. Mhina akapanda juu ya benchi, akasema kwa ile sauti yake ya kushindana na mashine ya kukatia vyuma:

"Mzee amechoka. Mtandikieni mkeka alale."

Watu mia nane wakacheka. Shekidele alishatukanwa sana maishani, na matusi yalikuwa hayamwingii. Lakini kuchekwa hakukuzoea. Akavaa koti lake, akaelekea getini bila kugeuka.

Watu wakashtuka. Kicheko kikawakauka midomoni, wakaanza kumwita, kwanza mmoja, halafu kumi, halafu wote mia nane: rudi, Mwalimu, rudi.

Mnaona mambo? Wachezaji watano wa Magomberi walikuwa na mpira mkononi, wanashambulia. Wakasikia "Rudi". Aliyekuwa na mpira akauweka chini kwa adabu kama anayeweka kikombe cha chai mbele ya mkwe, wakageuka wote, wakakimbia nyuma. Watu wa Ngoyeni wakautazama ule mpira kwanza wakidhani ni mtego. Kisha mmoja akauokota, akatupia kutoka mbali, pointi tatu. Magomberi wakaanza upya, watu bado wanaita rudi, mpira ukawekwa chini tena kwa adabu ile ile. Wakatupiwa tena tatu. Mechi ikaisha Magomberi wamefungwa kwa pointi moja, na wachezaji wote watano wamesimama nyuma, wanalinda vizuri kabisa.

Wiki ile Shekidele akaacha kazi. Alisema mji mzima umeliiba neno lake na kulitumia visivyo.

Shida ni kwamba nyumba yake ilitazamana na uwanja, barabara tu katikati. Basi akaita fundi, akauziba mlango wa mbele kwa matofali, na madirisha ya mbele pia, akatoboa mlango mwingine nyuma. Akitaka kwenda dukani alizunguka kwa machinjioni, mwendo wa nusu saa, ili asiuone uwanja ulio hatua kumi kutoka kitandani mwake.

Na watu wa Magomberi je? Hao hawakueleweka. Mtu mmoja, ndani ya kikombe kimoja cha kahawa, alisema Shekidele ni baba wa mpira wa mkoa huu na pia ni punda mwenye koti. Ukimsifu Mwalimu, walikubishia. Ukimtukana, walikupiga. Wakishinda walisema laiti angekuwepo aone. Wakishindwa walisema haya yote ameyataka yeye. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba aliyemfukuza ni Mhina. Mpaka watoto wa chekechea wakamwita Mhina Mfukuza Kocha.

Jina hilo Mhina alilichekea miaka saba. Mwaka wa nane akampenda Somoe, na Somoe akampenda yeye, msiniulize kwa nini. Baba yake Somoe aliwahi kuchezea timu ya Shekidele. Alipopelekewa posa aliisikiliza mpaka mwisho, akasema hana ubaya na kijana, lakini binti yake hawezi kuitwa mke wa Mfukuza Kocha. Siku Mwalimu mwenyewe atakapomkubali mbele za watu, posa iletwe tena. Hapo Mhina akaacha kucheka.

Nyumba ya Mwalimu, lakini, ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Paa lake lilivuja siku za mechi tu. Iwe kiangazi, iwe masika, mechi ikianza mzee anaegemeza ngazi, anapanda na nyundo, anapiga misumari. Magomberi wakikosa kikapu, nyundo inalia mara mbili kwa hasira. Wakifunga, kimya. Uwanja mzima ulimwona na ulijifanya haumwoni. Yeye aliuona uwanja mzima na alijifanya haoni. Wakaishi hivyo miaka tisa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekanyaga kwake muda wote huo, Bi Mwantumu, muuza chai wa getini. Kila mechi ikiisha alizunguka kwa machinjioni na chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua sita, akagonga mlango wa nyuma, akamwambia matokeo ambayo Mwalimu alisema hayataki. Akisahau kusema nani alifunga, Mwalimu alimuuliza. Mara mbili mzee alipakia vitu kwenye gari ahamie kwa kaka yake milimani. Mara mbili Bi Mwantumu alisimama mbele ya gari akasema chai ameshaimimina, sasa ainywe nani? Mara mbili kitanda kikashushwa.

Mwaka wa tisa, fainali tena, Ngoyeni tena. Hadi mapumziko Magomberi wako nyuma kwa pointi kumi na nne, na nyundo paani inalia mpaka bati linaomba msamaha. Mhina akatazama huku na huku. Akavuka barabara, akaichukua ile ngazi, akaingia nayo uwanjani, akaikalia.

Mzee akatazama chini. Hakuna ngazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akauelekea uwanja na kusema na mtu.

"Mhina. Lete ngazi."

"Shikamoo, Mwalimu. Huku kuna kelele, sikusikii vizuri. Sogea karibu kidogo."

Vichwa mia nane vikageuka juu. Sasa nani angejifanya haoni? Mzee amesimama peupe juu ya bati, nyundo mkononi, na tundu la kuziba hakuna. Mechi ikaanza tena, Magomberi wakapoteza mpira, na lile neno likamtoka Mwalimu lenyewe, kama mtu anayekohoa.

"Rudi."

Wachezaji wale walikuwa watoto wa shule ya msingi wakati wa Shekidele. Lakini neno walilijua kwa kusimuliwa, na miguu ikatii kabla ya masikio. Wakarudi, wakalinda, wakanyang'anya mpira. Toka hapo mechi ikafundishwa kutoka paani. Nyundo mara moja, kulia. Nyundo mara mbili, kushoto. Kipenga cha mwisho kilipolia, Magomberi walikuwa mbele kwa pointi mbili na Ngoyeni walikuwa wanamlalamikia refa kwamba wamefungwa na nyumba.

Mhina akairudisha ngazi mbio, anachekelea, keshajiona bwana harusi. Mzee hakuigusa. Alisema mara ya mwisho aliondoka kwa miguu yake wakamcheka, leo hashuki kwa miguu hiyo hiyo wamcheke tena. Akakaa juu ya bati la moto, akakunja mikono. Bi Mwantumu akambembeleza, wapi. Mkuu wa chuo akambembeleza, wapi. Wengine wakaanza kusema si mnaona, kiburi hakijapungua hata nusu kibaba. Wengine wakawanyamazisha hao, halafu wakasema vile vile wao wenyewe.

Hapo umati ukapasuka katikati, akapita mtu anayezidi vichwa vya wote. Hoza. Alikuwa sasa dereva wa malori ya masafa, na miaka tisa hakuukanyaga mji ule kwa aibu. Akafika chini ya paa.

"Mwalimu, jojo nilitafuna mimi. Nimekuja kusimama."

Akasimama. Mikono juu, kwenye jua. Dakika ishirini. Jasho likamshuka mpaka kwenye viatu, na mzee juu anamtazama kwa pembe ya jicho.

"Kaa chini, mwanangu," akasema hatimaye.

"Sikai, Mwalimu, mpaka ushuke."

Mzee akasogea ukingoni, akateremsha miguu, akaiweka kwenye mabega ya Hoza. Hivyo akavushwa barabara, kama sanduku la thamani, mpaka katikati ya uwanja. Watu wakalia, wakacheka, wakalia tena.

Wakampa kipaza sauti. Akaivua filimbi ya shaba, ambayo hata paani alipanda nayo, akainyanyua. Mhina akajipangusa midomo, tayari kuipuliza.

"Filimbi hii sitazikwa nayo," akasema Mwalimu. "Nampa mtu mmoja tu, yule aliyenirudi..."

Na spika ikakoroma. Krrrr. Waya ulikuwa umelegea. Sasa neno lile liliishia hapo, au lilikuwa na mkia ulioliwa na spika? Wakamwomba arudie. Akasema katika maisha yake hajawahi kurudia imla, na asiyesikia alaumu masikio yake. Akaitundika filimbi kwenye mlingoti wa kipaza sauti, akaenda zake nyumbani.

Ugomvi ukaanzia hapo.

Bi Mwantumu alisema amesikia vizuri kabisa: aliyenirudia. "Nani mwingine aliyemrudia mzee huyu? Miaka tisa namrudia mimi, mvua kwa jua. Bila mimi leo angekuwa milimani, na juu ya hilo paa mngemkuta paka."

Mhina alisema neno halikuwa na mkia wowote, liliishia pale pale: aliyenirudi. "Kumrudi mtu ni kumtia adabu. Haya, nani katika mji huu amewahi kumtia adabu Mwalimu isipokuwa mimi? Ngazi niliitoa mimi. Bila mimi angegonga misumari mpaka bati liwe chujio."

Hoza alisema kwa upole, maana watu warefu hawana haja ya kelele, kwamba neno ni moja: aliyenirudisha. "Wote mlimfikisha ukingoni. Akagoma. Aliyemrudisha uwanjani ni mabega haya."

Wakageukiana. Bi Mwantumu akamwambia Mhina kwamba aliyemtoa mtu hawezi kudai zawadi kwa kumrudisha, tena ngazi ile angeweza kumvunja mzee kiuno. Mhina akajibu kuwa chai yake ndiyo iliyomfungia Mwalimu ndani. "Mtu analetewa vitumbua mlangoni, mama yangu, atoke kufuata nini?" Akamgeukia Hoza, akasema kubeba mtu ambaye moyo wake umeshashuka si kazi, hiyo ni kazi ya toroli. Hoza akasema yeye angalau kosa lake amelitaja kwa mdomo wake mbele ya watu, na yupo mtu hapa ambaye maneno ya mkeka hajayaombea radhi mpaka leo. Mhina akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Mashabiki nao wakagawanyika, kama kawaida yao, na wengine wakawa pande zote tatu kwa zamu. Mwisho wakaandika sentensi tatu kwenye karatasi, moja yenye aliyenirudia, moja aliyenirudi, moja aliyenirudisha, wakampelekea Mwalimu aweke alama kwenye iliyo sahihi. Karatasi ikarudi. Ameweka vema tatu, na chini ameandika: sarufi ni nzuri, mwandiko ni mbaya.

Basi filimbi bado inaning'inia. Bi Mwantumu anaitazama, maana miaka tisa ya kuzunguka machinjioni hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Hoza anaitazama, na lori lake linanguruma barabarani. Mhina ndiye haitazami. Anamtazama baba yake Somoe, aliyekaa mstari wa mbele na mikono mapajani, ambaye amesema atapokea posa akisikia filimbi hiyo inalia mdomoni mwa Mhina kwa halali, si vinginevyo.

Haya, ninyi mnaojifanya mna masikio kuliko watu wa Magomberi, limalizieni neno la mzee. Aliyemrudia, aliyemrudi, au aliyemrudisha? Je, filimbi ilimstahili nani?