Umeme Unaliwa

Hapo zamani za kale, watoto, siku wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na magari ya umeme, alikuwepo Kiboko. Msicheke! Huyo Kiboko ananikera mpaka leo.

Alikuwa na gari kubwa lenye betri za kuwasha nyumba nzima. Umeme wa mtaa ukikatika, anaunganisha waya kutoka garini hadi ndani: friji inanguruma, redio inapiga kelele. Waya ule alifungiwa na Kindi, fundi wa mtaa. Kiboko mwenyewe hakujua wapi umeme unaingia na wapi unatoka.

Asubuhi moja ya mvua na baridi, pap! Umeme ukakatika mtaa mzima.

Jirani yake, Mama Kanga, alikuwa na vifaranga wengi kuliko mabawa yake, wa kwake na wa marehemu dada yake. Aliwalea kwa taa ya joto. Taa ikazimika. Piii, piii! Vifaranga wakaanza kutetemeka.

Akakimbia kwa Kiboko. "Hodi jirani! Nisaidie umeme kidogo, wanangu wanakufa na baridi!"

"Kwani mimi ndiye baba yao?" akasema Kiboko, akaongeza sauti ya redio.

Hebu fikirieni roho hiyo!

Mama Kanga akarudi analia kwa hasira. Kindi aliposikia, damu ikamchemka.

"Tulia, mama. Acha swichi ya taa yako ikiwa imewashwa."

Akaenda kwa Kiboko, akanong'ona: "Mzee, Mama Kanga kaficha umeme ukutani kwake."

"Ala! Halafu anakuja kuniomba mimi?"

"Ndiyo ujionee! Twende na gari, betri zako ziule umeme wake wote."

Kiboko akalipeleka gari mbio hadi dirishani kwa Mama Kanga. Kindi akachomeka waya. Waa! Taa ikawaka.

"Ahaa!" akafoka Kiboko. "Kumbe anao, mwongo mkubwa! Kindi, unaliwa?"

"Unaliwa, mzee. Tena unaliwa haswa."

"Uliwe mpaka uishe!"

Akaketi mvuani kuulinda waya, asije mtu akauchomoa. Ndani, vifaranga wakapata joto, wakanyamaza, wakalala.

Jioni umeme wa mtaa ukarudi. Kiboko akapanda garini, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya!

"Kindi! Si ulisema umeme unaliwa?"

"Umeliwa, mzee. Ni wa kwako."

Kiboko akaachama mdomo wake mpana, akamwendea Kindi. Mama Kanga akatoka, manyoya yamemsimama.

"Thubutu umguse! Wanangu wanakata roho, wewe unaongeza redio? Sina hata shukrani ya kukupa. Ondoa hilo gari lako dirishani kwangu!"

Kiboko akalisukuma gari kwenye tope, mtaa mzima ukimzomea: "Zii! Zii!" Hakuna aliyemshika mkono. Na mimi ningekuwepo, ningezomea kuliko wote.

Basi watoto, mchoyo hasikii kilio cha jirani, anaisikia tamaa yake tu, na hiyo ndiyo inayomponza.